Gari Halipigi Chafya

Miaka thelathini na moja nilipulizia magari rangi
katika karakana nyuma ya stesheni ya Ballinasloe:
msasa, msingi, koti la kwanza, koti la pili,
hadi daktari aliposikiliza kifua changu
kama fundi asikilizavyo injini iliyochemka,
akasema: Malachy, ama pampu, ama mapafu.

Nikachagua mapafu.
Mapafu hayalipi kodi ya nyumba.

Kazi mpya nilipewa na mjukuu wangu Sadhbh,
miaka sita, jino moja linaning'inia.
Babu, nichore simbamarara.
Nikatwaa brashi ya kuzibia mikwaruzo,
nikanyoosha mkono uliozoea
kuchora mstari mwembamba ubavuni mwa mlango bila rula,
naye akapiga chafya.
Simbamarara akaota sharubu hadi sikioni.

Gari halipigi chafya.
Gari halicheki ukiligusa chini ya pua,
wala halisemi linataka kukojoa
shavu la kulia likiwa bado tupu.

Baridi yote nikajifunza.
Juu ya paja langu. Juu ya mayai.
Juu ya upara wa kaka yangu Fintan,
aliyesinzia kitini, akaamkia misa ya Jumapili
na kipepeo kisogoni asiyemjua.
Nikajua sifongo moja ni ya mtoto mmoja,
maji hubadilishwa hata foleni ikinung'unika,
na mwenye kidonda mdomoni humchorei uso,
unamchorea mkono,
na sababu humtajii mbele ya wenzake.

Kisha kadi, mia mbili.
Usiandike "mtaalamu" kabla hujalipwa, alisema Assumpta, mke wangu.
Niliandika.
Nikaziacha kwa mwuza nyama, kwa kinyozi, duka la dawa, maktaba;
padri akabandika moja kwenye ubao wa kanisa
chini kidogo ya matangazo ya mazishi.
Simu ikalia mara moja:
mama mmoja, mlango wa gari lake umekwaruzwa,
je, bado nafanya?

Oktoba, maonyesho ya farasi.
Nililipia futi nane za matope,
mwavuli, viti viwili, picha zangu ndani ya plastiki.
Mvua. Watoto wakipita wanavutwa mikono.
Uso mmoja euro tano; saa nne ikawa nne;
saa sita, tatu.
Kila nilivyopunguza ndivyo walivyonishuku.

Ndipo akaketi mzee, koti linavuja maji,
Murt, mwuza farasi, katoka Loughrea.
Nichore jike niliyemuuza asubuhi, akasema.
Kahawia. Doa jeupe toka kipajini hadi puani,
limepinda kushoto. Hapana, kushoto zaidi.
Hakupiga chafya. Hakupepesa.
Nikakumbuka mng'ao unavyotembea juu ya boneti
nikauweka juu ya mfupa wa shavu lake,
na mfupa ukawa wa farasi.

Akanipa noti ya kumi, hakungoja chenji,
akaingia katikati ya umati na uso ule.

Chema chajiuza, husemwa, kibaya chajitembeza.
Changu kilitembezwa, na miguu haikuwa yangu:
kikakatiza kwenye zizi la punda,
kikasimama kwenye gari la chipsi kununua chai,
na kila aliyeuliza, nani kakufanya hivi?
alinyooshewa kidole mwavuli wangu.
Nusu saa, foleni ikafika barabarani.
Sikurudisha bei ya tano. Nilisahau.
Nyuso arobaini na tatu, na chafya kumi na moja,
nilizihesabu.

Jioni nafunga vikopo, Murt akarudi.
Rangi imepasuka chini ya macho,
mifereji miwili imeshuka hadi kidevuni.
Mvua, akasema.
Mvua ilikuwa imekatika tangu saa nane.
Miaka kumi na tisa alikuwa naye, akasema, akitazama viatu.

Nikachovya sifongo mpya.
Kurekebisha ni bure, nikamwambia, kaa;
imeandikwa kwenye kadi.

Haijaandikwa.
Kesho nitachapisha nyingine.