Jumanne, Chini ya Kanisa

Thunder Bay, mwezi wa pili. Nje baridi inauma chuma
hata mlango unagoma kufunguka.
Tunashuka ngazi kumi na moja, tunakung'uta buti,
tunavua glavu, na hakuna anayeuliza habari za nyumbani
kabla ya kuuliza: "Ile mota, imelia tena?"

Imelia. Dalbir anailaza juu ya taulo
tumbo wazi, kama kuku wa sikukuu.
"Si mota hii. Ni gia. Manyoya ya paka."
Anachomoa uzi mmoja kwa kibano, anauinua kwenye taa.
Marguerite, mwenye paka, anakagua dari.

Meza yetu ilikuwa mlango wa stoo ya padri;
bado ina tundu la ufunguo, humo tunapitisha waya.
Juu yake tupa tatu, gundi iliyoganda na kifuniko chake,
kopo la kahawa limejaa kokoto
tulizochekecha wenyewe ufukweni mwa ziwa,
sponji iliyosagwa ili iwe majani,
na mkate wa mtu, hatujui wa nani, tangu wiki jana.

Hapa dunia imegawanywa kwa themanini na saba.
Mtu mzima anatoshana na pingili ya kidole changu.
Nimekaa majuma matatu nikipiga tupa daraja,
bandu bandu, na gogo lenyewe
ni unene wa njiti ya kiberiti.
Mke wangu aliniuliza daraja hilo linakwenda wapi.
Nikamwambia: ng'ambo.

Reijo ndiye mwandika namba.
Alikuwa mshika breki wa treni za kweli, za ngano,
miaka thelathini na minne.
Brashi yake ina unywele mmoja tu.
Alikuwa akishusha pumzi nusu, akaibana,
kisha sita, kisha nane, kisha sita,
na namba inakaa ubavuni mwa behewa
kana kwamba lilizaliwa nayo.

Tangu Novemba mkono wake wa kulia unatikisika.
Hakusema. Hatukusema.
Alianza tu kuleta mabehewa yasiyo na namba
na kuyapanga kwenye njia ya pembeni,
mekundu, kumi na mawili,
kama watoto wanaosubiri ubatizo na padri hajafika.

Jumanne iliyopita Wendell,
kijana wa miaka kumi na mitano, avunjaye
kila anachoshika,
alivua mpira wa kufungia nywele za dada yake,
akaufunga mkono wa kushoto wa Reijo, wenye behewa,
na wa kulia, wenye brashi,
viganja kwa viganja, kama mfungwa.
"Vikitikisika," alisema, "vitikisike pamoja."

Mota ikanyamaza. Dalbir akashika pasi ya lehemu
hewani, moshi ukimwingia puani.
Sita.
Nane, ikiegemea kidogo.
Sita ya pili ilikunja kiuno.

Reijo akavuta kioo cha kukuzia, akatazama muda mrefu.
"Ndivyo zilivyokuwa," akasema.
"Kule yadi tulipaka siku za upepo."
Sijui kama ni kweli. Marguerite alicheka
kicheko kikaishia kwenye leso,
na Wendell akaleta behewa la pili.

Saa tatu tukaunganisha yote kumi na mawili.
Treni ikapita mlima wa plasta, ikapita daraja langu
(tulishika pumzi, mimi nilishika meza),
ikafika kwenye makutano karibu na ghala la nafaka
na ikaacha reli pale pale inapoiacha
tangu mwaka juzi.
"Hiyo nayo ni paka?" akauliza Marguerite.

Tulipotoka, theluji ilikuwa imezika magari hadi taa.
Mbali, upande wa yadi, honi ya treni ya kweli.
Reijo alisimama, akavuta mkono wa koti,
saa ikicheza juu ya kifundo chake mpaka akaisoma.
"Imechelewa dakika nne," alisema,
akaanza kufukua gari lake, na sisi naye,
kwa koleo moja na ubao wa mlima
uliobaki.