Mkono wa Kumimina

Kibirizi, chumba cha nyuma, ghala la zamani la samaki.
Kuta bado zinanuka dagaa
hata baada ya rangi mara mbili na dawa.
Juu ya meza, chini ya taa ya shingo ndefu,
kuna kipande cha fuwele kidogo kuliko ukucha wangu,
kimevaa dhahabu kama bibi harusi wa Ujiji,
na juu ya ngozi yake linakimbia wimbi
ambalo sikio la mtu halijawahi kulisikia.

Wimbi hilo halilowanishi mtu.
Likibebeshwa vijidudu vilivyonaswa na kingamwili
huchelewa kidogo, kama mchukuzi wa bandarini
aliyeongezewa gunia bila kuambiwa.
Kuchelewa huko ndiko tunakokusoma.

Lakini kwanza maji yafike.
Nilimwambia Bukuru siku yake ya kwanza:
maji ndiyo kazi yenyewe.

Pampu tuliyoanza nayo ilikuwa na magurudumu,
ilikamua mrija kama anayekamua ng'ombe,
fyu, fyu, fyu,
na fuwele ikaandika fyu, fyu, fyu.
Wiki mbili tulipima mapigo ya pampu
tukidhani tunapima kisima.

Nikamkumbuka mama, soko la Mwanga,
pipa la mawese, chupa kuukuu, funeli ya bati.
"Mafuta hayana haraka," alisema, "mwenye haraka ni wewe."
Hakumimina katikati. Aliyaegemeza ukingoni,
uzi mwekundu, mwembamba, usiokatika,
kidole gumba kikiacha upenyo kati ya funeli na chupa
ili hewa ipate pa kutokea.
Nilipomimina mimi, mawese yalikoroma, yakatema,
yakanitia doa kwenye sare ya shule
nililotembea nalo mpaka darasa la saba.

Basi nikaomba pampu ya sindano.
Nikaacha maji yalale chumbani usiku kucha
yazoee joto la fuwele.
Nikainamisha chemba, ili povu likizaliwa
lipande juu, likute mlango.
Mikrolita ishirini na tano kwa dakika:
polepole hivyo, hata mjusi ukutani alichoka kututazama.

Povu ni mwongo hodari. Likipita juu ya dhahabu
mstari kwenye skrini unaruka kama mbuzi,
na Daktari Rusimbi anaishika simu.
Mara tatu mwaka jana nilimzuia.
"Hewa hiyo. Ngoja."
Tukangoja, mstari ukarudi.

Jumanne, chupa namba kumi na saba,
kisima cha nyuma ya machinjio.
Mstari haukuruka. Ulishuka
kama mtu anayetafuta pa kukaa kabla hajatoa habari.
Nilitafuta povu. Nilimulika mrija kwa tochi ya simu,
nikagonga viungo kwa kalamu,
kwa mara ya kwanza katika kazi hii
nikaomba hewa iwepo.
Nikaosha kwa maji safi, kasi ile ile, dakika kumi na mbili.
Mstari ulibaki chini.

"Rudia, lakini ongeza kasi," Bukuru akasema, "tujue mapema."
Anakaa kule. Ndoo za kwao hujazwa kisimani pale.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Ishirini na tano, nikamwambia.
Tukiyasukuma sasa, kesho hakuna atakayejua
kama tulisikia kipindupindu
au tulisikia mikono yetu.

Akatazama namba. Akavua glavu.
Nikamsikia nje, karibu na jenereta,
akizungumza Kiha na mama yake,
akirudia neno moja, chemsha, chemsha,
kwa sauti ya mtu anayejizuia kupiga kelele.

Umeme ulicheza, ukatulia.
Nikafungua nusu ya pili ya kumi na saba,
nikaiegemeza ukingoni mwa bilauri,
uzi mwembamba, usio na rangi,
kidole gumba kikiacha upenyo.