Sehemu ya Kumi na Tisa

Mchezo wa redio ulikatika sehemu ya kumi na nane.
Hawakusema kwa nini. Jumanne ile, saa mbili na robo usiku,
wakaweka bei za karafuu, kisha taarabu, kisha kimya,
na Salhina akabaki mlangoni kwa mtalaka wake,
mkono umeinuka, hodi haijatoka.

Mama alikuwa kitandani, Limbani, mguu wa kushoto umevimba.
Akaniuliza: "Kafunguliwa?"
Sikujua. Jumatano akaniuliza tena.
Alhamisi nikamjibu, "Kafunguliwa, mama. Kafungua mtoto."
"Mtoto gani?"

Basi ndivyo nilivyoanza kuandika.
Nyuma ya karatasi za mitihani ya darasa la sita,
nikamsomea kila Jumanne, saa ile ile,
kwa sauti ya mtangazaji; hata tangazo la sabuni nikalitia.
Akicheka, anashika ubavu.
Sehemu ya ishirini. Ya thelathini. Ya arobaini na moja.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," alinambia Mwalimu Khatibu,
skuli, wakati wa mapumziko, anamenya chungwa.
"Una kipaji, unakimwaga uwanjani kwa watu.
Tunga chako."
Sikumjibu. Ningemwambia nini?
Kwamba sikutaka sifa, nilitaka mlango ufunguke?
Kwamba ukikuta ukili umeachwa njiani na miyaa haijakauka,
mkono hauulizi nani kaanza?
Na kuna hili pia, la aibu kidogo:
Salhina alikuja kwangu ameshakoga, ameshavaa,
ana jina lake na hasira zake;
kazi yangu kumsindikiza tu.
Wangu mwenyewe ningelazimika kumzaa,
na nyumbani mgonjwa alikuwapo tayari.

Mama alikufa sehemu ya hamsini na tatu ikiwa nusu.
Iko nusu mpaka leo.

Mwaka wa pili ndipo nikatunga changu.
Mwanamke hana jina, anaishi ng'ambo ya bonde la mpunga,
mguu mmoja mzito, redio yake imefungwa kwa mpira.
Mwisho anakufa.
"Sasa hiki ndicho chako!" akasema Khatibu.
Changu? Mguu ni wa mama, kicheko ni cha mama,
hata kule kuuliza swali moja siku tatu.
Cha kubuni humo ni mlango: niliupaka kijani.

Lakini kuna usiku mmoja niliandika sentensi
ambayo hakuna aliyenipa, si Salhina, si mama,
ikasimama katikati ya ukurasa
kama ng'ombe aliyekata kamba.
Nikaogopa. Nikafunika daftari, nikaenda kuchota maji
na ndoo zilikuwa zimejaa.
Hofu ile ndiyo tofauti. Nyengine siijui.

Juzi, ndani ya rundo la madaftari,
nimekuta la Arafa Makame, mtoto wa Gando, hisabati si yake.
Nyuma kabisa, baada ya kurasa tupu:
"Sehemu ya Pili," na jina la hadithi yangu.
Mwanamke niliyemzika kwa mkono wangu,
mchanga umeshakanyagwa,
Arafa kamwamsha. Kampa fimbo. Kampa jina, Bi Mgeni!
Kampeleka Chake kununua betri.

Damu ikanichemka. Nikashika kalamu nyekundu.
Nani kakupa ruhusa? Nilikuwa na sababu ya kumuua!
Nikasoma hadi mwisho nimesimama,
uji ukashika chini ya sufuria.

Kaandika "betiri." Nikarekebisha.
Kaandika kwamba Bi Mgeni akicheka hufunika mdomo.
Si kweli, hushika ubavu,
lakini hapo nikapaacha.
Mwisho wa ukurasa kafika kwenye mlango wa kijani,
mkono umeinuka,
na daftari limekwisha.

Nikachomoa karatasi nne za katikati ya daftari langu,
nikazikunja ndani ya lake.
Hisabati nikampa thelathini na moja.