Herufi Tisa na Nafasi Moja

"Nyuma yako" kwa Kiarabu ni herufi nne tu,
lakini kwa kidole gumba ni safari:
juu, kulia, kulia, chini,
alama inatambaa juu ya kioo
kama chungu aliyebeba punje ya mchele.
Nikifika ya tatu, mwenzangu keshakufa.
Risasi haingoji tahajia.

Wenzangu watatu wana maiki.
Mmoja wa Nizwa, hutukana kwa adabu:
"Mungu akusamehe, ewe punda."
Mmoja wa Bahreni, hula chipsi sikioni mwangu.
Wa tatu ni mtu wa maneno machache,
na Kiarabu chake kina kitu,
herufi za kooni zinamteleza
kama apitaye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi.
Mimi huandika. Jina langu mle ni Changu.
Samaki au mali, anayejua achague.

Mwaka juzi nilisema. Neno moja tu: kushoto.
Kikapita kimya, kisha mtu akapiga ukelele, "Msichana!"
kama aliyeona nyoka bafuni, au pesa.
Mchezo ukawa mimi.
Una miaka mingapi, unakaa mtaa gani,
hebu cheka kidogo, nani kakununulia?
Tukafa wote wanne na hakuna aliyejali.
Tangu hapo maiki inalala drooni, ndani ya soksi,
nami nimekuwa mtu wa herufi,
sina umri, sina koo,
sina bibi anayekohoa chumba cha pili.

Maandishi hayana nyumba, ndiyo raha yake.
Sauti huja na ukoo mzima:
kiyoyozi kinachokwaruza, mtoto, mlango,
sufuria ya presha ikapiga mluzi Bahreni
njaa ikanishika mimi, Al-Khoudh.
Na kuna usiku nawaonea wivu.
Kuandika "hahaha" na uso umekauka
ni kama kutuma koti harusini
mwenyewe ukabaki nyumbani.

Jana, saa ya Isha,
adhana ya mtaani kwetu ilikwisha,
na dakika kama sita baadaye
ikaanza upya sikioni, kwa yule wa tatu.
Nikapiga hesabu: yuko magharibi yangu,
Sohar, au jirani yake.
Halafu, chini ya adhana, sauti ya mwanamke:
"We Mundhiri! Wali unapoa!
Nikwite mara ngapi, au nije niuzime huo mtambo?"

Kiswahili. Kile chetu cha jikoni,
kinachovua viatu mlangoni
na hakitoki na wageni.
"Naja, mama," akajibu,
na sauti ikarudi miaka saba.

Nikabadili kibao kwenda Kilatini.
Nenda kale. Herufi tisa na nafasi moja,
ndefu kuliko onyo lolote nililowahi kuandika,
kale ya kula, si ya zamani,
ingawa hata hiyo ilikuwamo.
Wa Bahreni alikufa nikiwa kwenye d.

Askari wa Mundhiri akasimama katikati ya barabara,
bunduki chini, anatazama ukuta.
Akapigwa tatu. Hakugeuka.
"Nani kaandika hivi?"
"Lugha gani hiyo?" akauliza wa Nizwa.
Na mama, kwa mbali: "Unasema na nani?"
"Changu."
"Changu gani? Mie leo nimepika papa!"

Nikacheka, mkono mdomoni, bibi asiamke.
Sikuandika kitu. Hakuna aliyesikia.
Wakangoja kidogo, wakaanza raundi nyingine.

Droo niliivuta nusu.
Mpaka asubuhi hii iko vivyo hivyo,
na waya umechungulia kwenye soksi
kama ulimi.