Ijumaa ya Mwisho wa Mwezi

Gundi niliipika mwenyewe, uji wa muhogo,
nikabandika mabango arobaini kabla jua halijakolea:
Isevya, Cheyo, ukuta wa soko, nguzo za Kiloleni.
Kufika saa nne mbuzi wa Gongoni
walikuwa wameshakula tarehe,
wakaacha kiingilio.

Kibali nacho.
Afisa anataka barua, barua inataka muhuri,
muhuri umo kwenye droo, droo ina ufunguo,
na ufunguo uko Nzega, msibani.
"Rudi Jumatatu," kaniambia,
akinitazama kama mtu anayeuza mvua.
Muziki wangu ni Ijumaa.

Bwana Magohe mwenye ukumbi ana lake:
"Watu wako wanasikiliza mno, hawanywi.
Msikilizaji hanilipii friji."
Nikamwachia cherehani yangu, iwe dhamana.

Kapaya wa ngoma yuko Urambo, anakausha tumbaku;
tumbaku, kasema, haisubiri mtu.
Nikaazima kijana wa kwaya,
anapiga kila kitu kama anakaribisha sadaka.
Besi ya Mhoja nimeikomboa jana kwa mkopeshaji,
imerudi na nyuzi tatu,
wa nne, kaniambia, ulikuwa ndio riba.

Na marafiki! "Nipo, usijali, naja na kundi zima."
Kumbe usiku huohuo watani wa jadi wanacheza.
Nani kapanga ligi bila kuniuliza?
Mlangoni wakaja binamu wa mpiga kinanda,
shemeji wa mlinzi,
na mlinzi mwenyewe, kavaa shati la kutokea.
"Na mimi tena nilipe?"
Nami ningejibu nini? Nikawapisha.

Saa tatu: viti mia na ishirini vya kukodi,
vyeupe, vimejipanga, vinanitazama kama wadai.
Watu kumi na mmoja.
Ukitoa bendi, sita.
Umeme ukakatika, kwa adabu kabisa, katikati ya "Karibuni."
Jenereta ikakohoa, ikapiga chafya, ikawaka;
petroli lita mbili, nazihesabu kwa sikio.

Ndipo wakaanza kuingia.
Mmoja na begi, wawili na godoro,
mama na watoto wamelala mabegani,
mzee na jogoo ndani ya kapu, kichwa nje, anashangaa.
Treni ya Kigoma, injini imekufa Malongwe,
stesheni imejaa mbu, na sauti ya Nyanzala imevuka reli
ikawakuta wameketi juu ya mizigo.
Kuna aliyelipa, kuna aliyelipa nusu,
kuna aliyenipa karanga kwenye kikombe.
Nilipokea karanga.
Viti vikaisha! Watu wakasimama!
Bwana Magohe akaanza kuuza soda mwenyewe, anakimbia,
binti wa Uvinza akacheza na begi mgongoni,
na yule kijana wa kwaya, sijui alipandwa na nini,
akasahau sadaka.

Wimbo wa tatu, honi.

Hujapata kuona ukumbi ukimwagika hivyo.
Godoro mlangoni, jogoo analia, watoto wanaamshwa kwa kofi,
dakika nne, tano, kimya.
Nyanzala alikuwa amefumba macho,
akaendelea kuwaimbia viti.
Sikumstua.
Nikakaa, mara ya kwanza kukaa tangu mwezi uanze,
nikausikia wimbo ambao kutwa nzima nautangaza
na sikuwa nimeujua mwisho wake.

Hesabu nilifanya kwa tochi.
Jenereta, viti, nauli ya Mhoja, nyuzi.
Nadaiwa elfu themanini na karanga nimekula.
Chini ya kiti cha safu ya tano palibaki dumu la asali,
asali ya miombo, nyeusi, kizibo cha gunzi,
halina jina.
Nimeliweka juu ya kabati. Siligusi.

Leo napika gundi tena, safari hii na pilipili, kwa ajili ya mbuzi.
Chini ya bango nimeongeza mstari kwa kalamu nyekundu:
ALIYESAHAU DUMU AJE, ATAINGIA BURE.
Tayari wamekuja watu wanne
kila mmoja anaapa ni lake.

Muhuri bado uko Nzega.