Maji Matupu

Tangu nimwolewe, Kiyotaka hajanywa maji matupu.
Maji, husema, ni ya kuoshea birika.

Leo mfamasia wa Kakegawa, binti wa Minegishi,
ameandika kwa wino mwekundu juu ya pakiti:
kidonge cha presha usikishushie kwa chai ya kijani,
chai hukizuia mlangoni, damu isikione.

Mume wangu akaisoma mara tatu
kama mtu aliyeambiwa mwanawe ni mwizi.
Majani hayo kayachuma yeye,
kayafukiza, kayakausha;
ndiyo yaliyosomesha watoto.

Alfajiri namchungulia jikoni:
kidonge ulimini, glasi mkononi,
uso kaukunja utadhani shubiri.

Maji yaliyobaki hayamwagi.
Anayatia birikani,
anaketi,
anaitazama saa.