Salio la Kopo

Daftari ni la mraba, la darasa la tano.
Jina la binti yangu nimelikata, chini nikaandika:
LIGI YA WATOTO, MUYEYE. Mapato na matumizi.

Ada: elfu mbili mia nane hamsini.
Kina Kitsao walilipa kwa mayai;
nikayauza mwenyewe, nikayaandika pesa.
Viazi karai vya kina mama: elfu moja mia tisa sitini,
ukwaju bure, pilipili bure.
Mwenye duka la matairi: elfu moja,
na kila Jumamosi huuliza
jina lake litachapwa lini kwenye jezi.
Jezi zipi?

Yaliyotoka. Chokaa, mifuko miwili, mia tisa.
Mvua ikaja saa nane, mstari wa goli ukaenda na maji.
Refa wa Watamu, nauli na matusi: elfu moja mia tano.
Mpira kushonwa, mia mbili hamsini.
Barafu na glukosi, mia nne themanini.
Kaunti, kwa kutukodisha vumbi: elfu mbili.
Risiti ipo; muhuri wake ni mzuri kuliko uwanja.

Zingebaki mia sita themanini.
Kopo la maziwa lina mia tatu arubaini.

Nimelipindua. Nimelipiga kofi la kitako.
Kesho kikao. Chengo atavua miwani
aseme, "Hapa hatumshuku mtu,"
na wote watanigeukia.

Ni wakati wa kufunga dirisha ndipo nikakumbuka
Kahindi, golikipa, alivyoangukia kiwiko.
Bodaboda mia na arubaini.
Mkandaji wa Maweni, mia mbili.
Mkandaji hatoi risiti. Alimwuliza mtoto
ugali anaupenda na mboga gani,
na jibu halijatoka, mfupa ukarudi kwao.

Ipo safu ya "Mengineyo".
Mjini hapa wamejenga ghorofa mle ndani.
Nikaipita. Nikaandika: Kiwiko cha Kahindi, 340.
Kisha nikabisha nyumba ya tatu,
wakamwamsha, mkono wa kulia ungali shingoni kwa leso ya mamake.
Mpokeaji atie sahihi.
Akatia kwa kushoto, ulimi nje,
herufi zimelala kama mlingoti wetu wa goli.

Salio: mia tatu arubaini.
Mfuko wa chokaa ni mia nne hamsini.
Nimewaambia kina mama wa viazi
majivu wasimwage.